Sola ya Rangi Itafika Lini Ngara?

Ukipanda basi la asubuhi Biharamulo mjini kwenda Ngara, jitahidi upate siti ya dirishani. Kuanzia Lusahunga, ukipita Nyakahura mpaka Benaco, angalia mapaa ya bati. Utaona paneli za sola: nyingine zina ukubwa wa daftari, nyingine zimefunika robo ya paa. Waya unashuka ukutani na kuingia ndani, na huko ndani kuna betri, taa mbili tatu, redio, na simu za majirani zinazosubiri zamu ya kuchajiwa.

Ukanda huu umeusubiri umeme kwa muda mrefu. Hadi miaka ya 2010 miji ya Ngara na Biharamulo ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli, na vijijini mwanga wa usiku ulikuwa koroboi. Siku hizi mambo yamebadilika. Gridi imefika, na pale kwenye maporomoko ya Rusumo, Mto Kagera unapoitenga Tanzania na Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake sawa kwa sawa. Lakini nyumba iliyo mbali na nguzo ya mwisho bado inalitegemea jua.

Karibu paneli zote hizo zimetengenezwa kwa silikoni. Mimi nasomea seli za sola za aina nyingine, ambazo hazinasi mwanga kwa silikoni bali kwa rangi. Ndiyo, rangi, kama ile inayokipa kitambaa wekundu. Likizo iliyopita nilipomwamkia mjomba wangu kule Ngara, aliitikia marahaba, akaniketisha, halafu akauliza: "Mjomba, si nasikia unasomea sola? Hiyo ya kwenu ya rangi itafika lini huku?" Nikacheka kicheko cha mtu aliyebanwa. Jibu la kweli lilikuwa: pengine haitafika.

Sasa msomaji, kama haitafika, mimi nasoma nini? Na wewe kwa nini upoteze dakika kumi kusoma habari zake? Swali hilo halikuniacha usingizi wangu, na haya unayoyasoma ndiyo jibu langu kwa mjomba. Ni jibu refu kidogo, kwa sababu linaanzia zaidi ya miaka 180 iliyopita.

Kazi mbili, si moja

Kabla ya historia, tuelewane jambo moja. Ngara ni nchi ya vilima. Mtu anayechota maji bondeni na kuyapandisha mlimani anajua kwamba kupandisha ni nusu tu ya kazi. Ukifika juu na hakuna pipa la kuyapokea, maji yatateremka yalikotoka, na jasho lako limepotea bure.

Umeme wa jua ni hivyo hivyo. Mwanga unapogonga kitu, unaweza kuipandisha elektroni kutoka hali ya chini ya nishati hadi hali ya juu. Hilo hutokea kila siku, kwenye shati lako, kwenye jani, kwenye ukuta. Tatizo ni kwamba elektroni iliyopandishwa haikai juu. Inarudi chini mara moja, na nishati yake inageuka joto. Ndiyo maana shati jeusi linakuunguza juani lakini haliwashi taa.

Kwa hiyo ukitaka umeme, kuna kazi mbili: kwanza kuipandisha elektroni, pili kuiondoa pale haraka kabla haijarudi. Silikoni inafanya kazi zote mbili peke yake, na inazifanya vizuri. Lakini ina masharti. Lazima iwe safi kupita kiasi, maana uchafu kidogo tu unakuwa shimo ambamo elektroni inatumbukia na kupotea.

Seli ya rangi inagawa kazi. Rangi inapandisha elektroni, halafu jirani yake anaipokea na kuondoka nayo. Jirani huyo ni semikondakta, yaani kitu kilicho katikati: si kipitishi kizuri cha umeme kama shaba, wala si kizuizi kama mpira. Wazo hilo la kugawana kazi ndilo shujaa wa hadithi hii, na halikuanzia kwenye sola. Lilianzia kwenye picha.

Kitambaa chekundu kilichotoka cheusi

Mwaka 1839 kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, alikuwa akifanya majaribio katika maabara ya baba yake. Alitumbukiza vipande vya metali vilivyopakwa chumvi ya fedha ndani ya kimiminika chenye asidi, akavimulika, akaona mkondo wa umeme. Huo ndio mwanzo wa umeme wa mwanga. Mwaka huo huo upigaji picha ulitangazwa hadharani mjini Paris. Fani hizi mbili zilizaliwa pamoja, na zote zilitegemea chumvi za fedha.

Lakini chumvi za fedha zina upofu. Zinauona mwanga wa buluu na zambarau tu. Kijani zinaubahatisha, na wekundu hazijui kama upo. Ukipata nafasi ya kutazama picha za karne ya 19, zikiwemo zile za studio za Zanzibar kama ya A. C. Gomes, kumbuka jambo hili: kwenye sahani za wakati ule kitambaa chekundu kilitoka cheusi, na anga la buluu lilitoka jeupe pee. Weusi wa nguo unaouona pichani huenda haukuwa weusi. Huenda ulikuwa wekundu ambao sahani haikuweza kuuona.

Aliyeufungua upofu huo alikuwa mwanakemia wa Berlin, Hermann Wilhelm Vogel. Huyu bwana alikuwa ameshafika karibu na kwetu: mwaka 1868 alikwenda Aden, ng'ambo ya bahari kutoka pwani ya Wasomali, kupiga picha za kupatwa kwa jua. Mwaka 1873 akiwa anapima sahani kutoka Uingereza, aliona jambo la ajabu. Sahani hizo zilikuwa zimetiwa rangi ya manjano kwa sababu nyingine kabisa, ili kuzuia mwanga usitawanyike ndani yake. Lakini zilikuwa zinauona mwanga wa kijani! Vogel hakupita tu. Alijaribu rangi moja baada ya nyingine, akathibitisha kwamba rangi iliyopakwa juu ya chumvi ya fedha inanasa mwanga ambao chumvi yenyewe haiwezi kuunasa, kisha inamrithisha jirani matokeo yake.

Angalia vizuri tarehe. Elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Yaani Vogel alitumia uhamisho wa elektroni miaka 24 kabla ya mtu yeyote kujua elektroni ni nini. Mwaka 1887 mjini Vienna, James Moser alikwenda hatua moja mbele: alipaka rangi ya eritrosini kwenye vipande vya fedha kama vile vya Becquerel, akaona mkondo wa umeme unaongezeka. Kimsingi, seli ya sola ya rangi ilikuwa imezaliwa.

Halafu? Halafu ikalala. Wapiga picha wakalichukua wazo, wakatupatia filamu zinazoona rangi zote. Watu wa umeme wakaliacha.

Ushahidi upo, umeme haupo

Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Ujerumani, Heinz Gerischer na Helmut Tributsch, walirudi kwenye swali ambalo lilikuwa limewasumbua wengi: rangi inampa jirani nini hasa? Inampa nishati tu, au inampa elektroni yenyewe? Walichukua fuwele ya zinki oksidi, wakaizamisha kwenye kimiminika chenye rangi, wakaimulika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1968 yalikuwa ushahidi mzito kwamba ni elektroni inayohama. Rangi inabaki na upungufu wa elektroni moja, na fuwele inapata nyongeza moja. Muda si mrefu Tributsch alifanya majaribio hayo hayo kwa klorofili, ile rangi ya kijani ya majani.

Kwa hiyo kufikia 1970 kanuni ilikuwa inajulikana. Rangi zilikuwapo. Semikondakta zilikuwapo. Kwa nini basi umeme haukuwapo?

Hapa ndipo hesabu inapokata. Rangi ili ifanye kazi lazima igusane na semikondakta. Molekuli iliyo safu ya pili au ya tatu inapandisha elektroni yake vizuri tu, lakini haina mahali pa kuikabidhi. Kwa hiyo safu inayofaa ni moja tu, yenye unene wa molekuli moja. Na safu moja ya molekuli juu ya fuwele bapa inanasa chini ya asilimia 1 ya mwanga. Mwanga wote uliobaki unapita. Ukipaka rangi nene ili inase zaidi, umeweka kizuizi.

Ni kama mtu mwenye kiwanja kimoja kidogo anayetaka kuvuna gunia mia. Mbegu si tatizo lake. Tatizo lake ni eneo.

Jibu lilikuwa limening'inia mbele ya macho ya watu wote wa Kagera, kwenye migomba. Jani la mgomba lina kipande kikubwa cha kijani, lakini siri yake haipo kwenye upana huo unaouona. Ndani ya kila seli ya jani kuna vifuko vidogo, na ndani ya vifuko hivyo kuna tando zilizokunjwa na kupangwa safu juu ya safu, kama chapati kwenye sahani. Klorofili imekaa kwenye tando hizo. Mwanga ukilikosa tabaka la kwanza unakutana na la pili, la tatu, la mia. Asili ilikuwa imeshatatua tatizo la eneo kwa kukunja.

Wapo waliolisogelea jibu hilo mapema. Mwaka 1976 Hiroshi Tsubomura na wenzake wa Osaka walitumia zinki oksidi yenye vinyweleo badala ya fuwele bapa, na matokeo yakapanda. Lakini aliyeubomoa mlango alikuwa mwingine.

Lausanne, Oktoba 1991

Tarehe 24 Oktoba 1991 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya watu wawili, Brian O'Regan na Michael Grätzel, waliofanya kazi Lausanne, Uswisi. Waliacha fuwele moja kubwa. Wakachukua chembe za titaniamu dioksidi zenye upana wa nanomita 15 hivi, wakazipaka kwenye kioo kinachopitisha umeme, wakazioka mpaka zikashikana. Ukapatikana utando mweupe wenye unene wa maikromita 10 tu, mwembamba kuliko unywele wako, lakini ndani yake umejaa matundu kama sponji.

Titaniamu dioksidi ni kitu unachokijua. Ndiyo inayoipa weupe rangi ya ukutani na dawa ya meno. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki si mgeni: kuanzia 2014 mpaka mwisho wa 2024, mchanga wenye madini ya titaniamu ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, na kusafirishwa nje kupitia pwani hiyo. Weupe wa ukuta wako huenda ulianzia huko.

Sasa sikiliza hesabu. Katika utando ule, kila sentimita moja ya mraba ya kioo ilibeba sentimita za mraba 780 hivi za eneo la ndani. Yaani juu ya kipande kidogo kuliko kucha ya dole gumba, kuna eneo linalozidi karatasi nzima ya A4. Wakaloweka sponji hiyo kwenye rangi yenye metali ya rutheniamu, molekuli zikajipanga safu moja kwenye eneo lote hilo. Kila molekuli inagusa titaniamu dioksidi, hakuna iliyokosa jirani, na kwa pamoja zinanasa karibu mwanga wote wanaoweza kuunasa.

Matokeo yake: seli iliyogeuza kati ya asilimia 7.1 na 7.9 ya nishati ya jua kuwa umeme. Kwenye mwanga hafifu uliotawanyika, kama wa siku ya mawingu, walipata asilimia 12. Linganisha na seli ya kwanza ya silikoni ya maabara za Bell, Marekani, ya mwaka 1954: asilimia 6. Na hii mpya haikuhitaji vitu safi kupita kiasi wala vyumba visivyo na vumbi. Ilihitaji unga mweupe, rangi, iodini na tanuri. Unaweza kuelewa kwa nini dunia ilishtuka.

Mbio ambazo elektroni lazima ishinde

Lakini subiri. Kuna fumbo hapa. Nimekwambia silikoni lazima iwe safi, maana elektroni inatumbukia kwenye kila shimo. Sponji ya chembe ndogo ina mashimo kila mahali! Elektroni inapitaje salama?

Inapita kwa sababu ya mwendo. Fuata elektroni moja. Mwanga unapiga rangi, elektroni inapanda. Kuikabidhi kwa titaniamu dioksidi kunachukua chini ya pikosekunde moja, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya milioni ya sekunde. Vipimo vya miaka ya 1990 kwa miali ya leza ndivyo vilivyoonyesha hivyo. Rangi sasa ina pengo. Pengo hilo linazibwa na iodidi iliyo kwenye kimiminika, ndani ya maikrosekunde kadhaa. Na elektroni yetu ingechukua muda gani kurudi kwenye rangi ilikotoka? Karibu milisekunde moja. Imechelewa: pengo limeshazibwa.

Namba hizi ni ndogo mno, akili haizishiki. Basi tuzirefushe. Tuseme pikosekunde moja iwe sekunde moja. Kwa kipimo hicho, elektroni inakabidhiwa kabla hujamaliza kusema "moja". Rangi inarudishiwa elektroni yake baada ya wiki kadhaa. Na ile hatari ya kurudi nyuma inakuja baada ya miaka zaidi ya 31. Ndiyo maana seli hii inafanya kazi pamoja na mashimo yake yote. Ushindi wake hautoki kwenye usafi. Unatoka kwenye kuwahi.

Baadaye elektroni inatembea kwenye sponji, chembe hadi chembe, mpaka ifike kwenye kioo na kutoka kwenda kuwasha taa. Inaporudi kupitia upande wa pili, iodini inaipokea na kuirudisha kwa rangi. Duara limekamilika. Hakuna kilicholiwa isipokuwa mwanga.

Nairobi, Dar es Salaam na Uppsala

Hapa ndipo wengi wanadhani sisi hatumo. Tumo.

Mji wa Uppsala, Sweden, una programu ya kimataifa ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1961 kusaidia vyuo vya nchi zinazoendelea kujenga vikundi vyao vya utafiti. Kupitia ushirikiano huo, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Nairobi wamefanya kazi kwa miaka mingi kwenye tabaka nyembamba na vifaa vya nishati ya jua. Na Uppsala ilikuwa moja ya kambi kubwa za seli za rangi duniani.

Mwaka 2007 jarida la kemia ya umeme lilichapisha makala yenye majina matatu ya mbele kutoka Nairobi: Sebastian Waita, Bernard Aduda na Julius Mwabora, wakiwa na wenzao wa Uppsala. Hawakutumia unga uliopakwa. Walirusha chembe za titaniamu dioksidi kwa mshazari ndani ya chombo kisicho na hewa, zikajijenga kwenye kioo kama miti iliyoinama. Swali lao lilikuwa lile lile la mbio: elektroni inachukua muda gani kusafiri kwenye utando kama huo, na inaishi muda gani kabla ya kupotea?

Miaka mitatu kabla ya hapo Aduda na wenzake wa London walikuwa wamechapisha vipimo vya jinsi umbo la matundu linavyobadilisha mwendo wa elektroni. Unaona? Swali lililoanzia kwa Vogel na sahani ya manjano lilikuwa linapimwa na watu waliofundisha hapa hapa, wakasimamia wanafunzi ambao leo nao wanafundisha. Mimi ni mjukuu wa kazi hiyo.

Basi kwa nini haijafika?

Turudi kwa mjomba. Sababu ni tatu, na hakuna inayohusu uzuri wa wazo.

Ya kwanza ni kimiminika. Seli iliyojaa maji maji ya iodini, ikiwekwa juu ya bati la Nyakahura saa saba mchana, inachemka, inavuja, inakausha. Kuiziba kwa miaka 20 ni kazi ngumu kuliko kuitengeneza. Tena iodini inakula metali.

Ya pili ni kiwango. Seli za rangi zilipanda kutoka asilimia 7 hadi 10 haraka, halafu zikatambaa. Ilichukua miongo mitatu kuifikia 15 maabarani. Paneli za silikoni za dukani sasa ziko kwenye 20 hivi.

Ya tatu ndiyo iliyoua. Ahadi ya seli ya rangi ilikuwa bei nafuu. Lakini kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli za silikoni duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Viwanda vikubwa, hasa vya China, viliifanya silikoni safi kuwa bidhaa ya kawaida. Ile mbio ya bei ambayo sisi tulikuwa tunakimbia, mpinzani aliimaliza tukiwa bado tunafunga viatu. Paneli juu ya paa la mjomba ni ushahidi wa mbio hiyo, na kwa kweli ni habari njema kwake. Siwezi kumsikitikia mtu aliyepata taa kwa sababu teknolojia yangu ilishindwa.

Seli ya rangi haikufa. Mwaka 2009 kampuni ya G24 Innovations ya Wales ilianza kuuza za kushonwa kwenye mifuko. Leo nyingine zimo kwenye vipokea sauti vya masikioni vinavyojichaji vyenyewe kwa mwanga wa chumbani, kwa sababu chini ya taa za ndani zinafanya vizuri sana. Lakini hilo si paa la Ngara.

Mtoto aliyetoka kwenye nyumba hiyo

Kuna jambo moja ambalo sikulimwambia mjomba siku ile.

Mwaka huo huo wa 2009, mjini Yokohama, Japani, Tsutomu Miyasaka na mwanafunzi wake Akihiro Kojima walijaribu kuweka kitu kingine mahali pa rangi kwenye sponji ya titaniamu dioksidi. Kitu hicho kinaitwa perovskaiti, fuwele yenye risasi na iodini. Walipata asilimia 3.8 tu, na kimiminika kikaiyeyusha fuwele yenyewe. Kwa macho ya soko, ni kazi iliyoshindwa ya teknolojia inayoshindwa.

Mwaka 2012 watu wakaondoa kimiminika na kuweka kitu kigumu. Ikapanda hadi karibu asilimia 10. Leo perovskaiti imepita asilimia 25 maabarani, na mwaka 2024 paneli za kwanza za biashara zenye tabaka la perovskaiti juu ya silikoni zilianza kuuzwa. Bado ina maswali yake: uimara wake juani, na risasi iliyomo. Lakini imetoka moja kwa moja kwenye sponji ya Lausanne. Vifaa vilikuwa vile vile, vipimo vile vile, na watu wengi walikuwa wale wale waliokuwa wameshajifunza kuuliza: elektroni inaondoka kwa kasi gani, na inarudi kwa kasi gani?

Sasa tazama safari nzima. Vogel alikuwa anatafuta picha nzuri. Moser hakupata soko. Gerischer na Tributsch walikuwa wanabishania kanuni. O'Regan na Grätzel walitafuta sola ya bei nafuu, na bei ikawashinda. Waita na wenzake walipima mwendo wa elektroni kwenye utando ulioinama. Kila mmoja alimkabidhi jirani yake kitu kabla hakijarudi chini na kugeuka joto. Palipokosekana wa kupokea, kama baada ya Moser, wazo lililala kwa zaidi ya miaka 70.

Kama wewe ni mwalimu

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, lipo jaribio la darasani lililochapishwa mwaka 1998 na Greg Smestad pamoja na Grätzel mwenyewe. Unahitaji vioo viwili vinavyopitisha umeme, unga wa titaniamu dioksidi, tanuri la kufika nyuzi joto 450, grafaiti ya penseli, tone la iodini, na juisi yenye rangi. Wao walitumia matunda ya kwao ya jamii ya beri. Sisi tuna choya, lile ua jekundu la juisi, na watafiti wengi wamelitumia na likafanya kazi. Kigumu kupatikana ni vioo, si kingine.

Usitegemee kuchaji simu. Utapata volti 0.3 mpaka 0.5 na mkondo mdogo sana. Lakini funika seli kwa kiganja, sindano ya mita inashuka. Ondoa kiganja, inapanda. Mwanafunzi wa Biharamulo akiliona hilo mara moja, hutamwambia tena kwamba sola ni kitu kinachokuja kwenye boksi.

Mjomba, nikija tena nitakujibu hivi. Sola ya rangi haitafika kwa jina lake. Lakini paneli utakayonunua siku ile ya sasa itakapochoka, huenda ikawa na tabaka jembamba juu ya silikoni, na tabaka hilo lina ukoo. Ukoo huo unapita Yokohama, Lausanne, Uppsala na Nairobi, unarudi mpaka kwenye kitambaa chekundu kilichotoka cheusi pichani. Mimi nimo humo kama mpokeaji mmoja. Kazi yangu ni kuwahi kukabidhi.